Kwa nini Mlimwa si volkano na Hanang ni volkano

Vilima vya mawe vinavyoizunguka Dodoma, Mlimwa na Mlima Simba vikiwemo, si volkano na havijawahi kuwa. Dhana kwamba ni volkano zilizozimika husikika kila ardhi inapotikisika, na si ajabu: kilima kimesimama peke yake katikati ya tambarare, mawe yaliyopigwa na jua na mvua hadi yakawa meusi yamerundikana mpaka kileleni, na aliyewahi kuona picha ya mlima wa moto huunganisha mambo haraka. Livunje jiwe lenyewe kwa nyundo. Ndani utakuta punje zinazoonekana kwa macho: feldispa nyeupe au ya waridi, kwatzi ya kijivu inayopitisha mwanga, na vijipande vyeusi vya mika vinavyometameta. Punje za ukubwa huo hazikui juu ya ardhi. Zinataka mwamba ulioyeyuka ukae kilomita kadhaa chini na kupoa polepole kwa muda mrefu mno. Graniti ya Dodoma ilipoa kwa namna hiyo zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kisha mmomonyoko ukala kila kilichoifunika. Mviringo wa mawe yale nao ni kazi ya maji yanayopenya kwenye nyufa, kuozesha pembe na kulibambua jiwe ganda baada ya ganda.

Panda basi la Babati kwa barabara ya Kondoa, mambo yanabadilika. Kwaraha, mlima unaoitazama Babati, ni volkano. Hanang, wenye mita 3,417, ni volkano. Mbele zaidi zipo Burko, Monduli na Meru, hadi Ol Doinyo Lengai na Kilimanjaro. Sababu ya huku kukosa na kule kujaa ndiyo hiyohiyo inayofanya volkano ziwe na maumbo tofauti, kwa hiyo inafaa kuanzia chini kabisa.

Mwamba unavyoyeyuka

Wengi hudhani chini ya ganda la dunia kuna bahari ya moto, na volkano ni tundu lake la kutokea. Bahari hiyo haipo. Mantili, tabaka linaloanza kilomita 40 hivi chini ya Tanzania ya kati, ni mwamba mgumu. Joto lake ni kali, hupita nyuzi 1,300 za Selisiasi kwenye kina kirefu, lakini uzito wa kila kilicho juu yake unaubana mwamba usiyeyuke. Ili magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ipatikane lazima mizani hiyo ivurugwe, na zipo njia tatu za kuivuruga.

Ya kwanza ni kupunguza mgandamizo. Ganda linapovutwa na kuwa jembamba, mwamba wa mantili hupanda kujaza nafasi. Ukipanda, joto lake halishuki sana, ila mzigo ulioubana unapungua, na sehemu yake huanza kuyeyuka bila moto wowote kuongezwa. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama: mwamba umeyeyuka kwa kutuliwa mzigo, hakuna aliyeuchemsha. Wala hauyeyuki wote. Mara nyingi ni asilimia chache tu, na hizo chache ndizo zinazojenga milima. Ndivyo inavyokuwa Iceland, na ndivyo inavyokuwa katika Bonde la Ufa, ambako bamba la Nubia na la Somalia, vipande viwili vikubwa vya tabaka gumu la nje la dunia, yanaachana kwa milimita chache kila mwaka.

Ya pili ni maji. Bamba la bahari linapozama chini ya jingine, kama huko Japani, Indonesia na Chile, hushuka na maji yaliyofungwa ndani ya madini yake. Kwenye kina cha kilomita 100 hivi maji hayo hukamuliwa, huingia katika mantili iliyo juu, na kuufanya mwamba uyeyuke kwa joto dogo kuliko kawaida, pungufu kwa mamia ya nyuzi. Ya tatu ni joto la ziada: ama mantili yenye joto kuliko jirani zake inapanda kutoka chini sana, kama chini ya Hawaii, ama magma iliyokwama ndani ya ganda inauyeyusha mwamba unaoizunguka.

Sasa hesabu hiyo ilete Dodoma. Mji umekaa pembezoni mwa Kratoni ya Tanzania, kipande cha bara cha kale chenye mzizi mgumu, uliopoa, unaoshuka zaidi ya kilomita 150. Mantili iliyo chini ya mzizi huo haina pa kupandia. Bonde la Ufa lilipoufikia mwamba huu halikuupasua katikati. Lilipita pembeni, mkono mmoja ukaenda magharibi kwa Tanganyika na Rukwa, mwingine mashariki kwa Natron na Manyara. Mkono wa mashariki, ukishuka kuelekea Kondoa, Bahi na Manyoni, unachanikachanika kuwa nyufa nyingi ndogo. Genge la Kilimatinde ni ukuta wa ufa wa namna hiyo, na tetemeko lililoitikisa Dodoma Novemba 2002 lilitoka kwenye nyufa za jamii hiyohiyo. Lakini ganda lililochanika kabla ya kuwa jembamba halitoi magma. Ndiyo maana Kanda ya Kati ina matetemeko na chemchemi za maji moto lakini haina mlima wa moto ulio hai.

Chemchemi ya maji moto peke yake si ushahidi wa volkano. Kwa kawaida joto la ardhi huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka. Maji ya mvua yakizama kilomita mbili ndani ya ufa na kupanda upesi, yatatoka yakiwa na joto la kukuchoma hata kama hakuna magma popote karibu.

Mnato na gesi

Magma ikishapatikana, umbo la mlima hutegemea hasa mnato wake, yaani ugumu wake wa kutiririka, na gesi iliyomo. Mnato unaongozwa na silika, yaani silikoni na oksijeni zilizoungana na kufanya minyororo ndani ya kimiminika. Silika ikizidi, minyororo hufungamana zaidi na magma huwa nzito. Basalti ina silika asilimia 45 hadi 52, hutoka ikiwa na nyuzi 1,100 hadi 1,200, na hutiririka. Andesiti ina asilimia 57 hadi 63, na joto lake ni pungufu. Rayoliti hupita asilimia 70, hutoka ikiwa na nyuzi 700 hadi 850 na husogea kwa shida. Mnato wake unaweza kuushinda wa basalti mara milioni na zaidi.

Gesi ni mvuke wa maji, kaboni dayoksaidi na gesi za salfa. Chini kabisa zimeyeyuka ndani ya magma. Magma ikipanda, hujitenga kuwa mapovu. Anayesonga ugali analijua jambo hili mkononi: uji ukiwa bado mwepesi mapovu hupanda na kupasuka kimya, ukishakaza povu hukwama, hujikusanyia nguvu, na likipasuka hurusha tone la kuunguza. Basalti huiachia gesi yake iende. Magma nzito huibana hadi siku inaposhindwa, na hapo kimiminika chote kilichojaa mapovu hukatikakatika kuwa vumbi kwa sekunde chache. Jivu la volkano, basi, halitokani na kitu kuungua. Ni vipande vya kioo na mwamba visivyozidi milimita 2, vyenye pembe kali, ndiyo maana hukwaruza macho, huzima injini za ndege, na likilowa mvua huwa zito kiasi cha kuangusha mapaa.

Ngao na mipasuko

Magma nyepesi ikitoka mara nyingi kwa miaka mingi, hutandaa mbali kabla ya kuganda na kujenga mlima mpana wenye mteremko wa nyuzi chache tu. Hiyo ndiyo volkano ya ngao. Mauna Loa ya Hawaii ina mita 4,169 juu ya bahari, na ukiipima kutoka sakafu ya bahari inafika kilomita 9 hivi. Kwetu, Gelai na Ketumbeine zilizo kusini na mashariki mwa Ziwa Natron ni ngao za kale za basalti. Msafiri huzipita akidhani ni milima ya kawaida kwa sababu hazina ile pembe ya kuchongoka. Nyamuragira, ng'ambo ya Kivu nchini Kongo, ni ngao inayolipuka mara kwa mara hadi leo.

Zaha, ambayo wengi huiita lava, wakati mwingine haitafuti mlima kabisa. Hutoka kwenye mpasuko mrefu. Laki ya Iceland ilifunguka mwaka 1783 kwenye mstari wa kilomita 27. Zaha yenyewe haikuwa tatizo kubwa. Gesi ya salfa na floridi viliharibu malisho, mifugo ikafa, na njaa iliyofuata ikaua takriban mtu mmoja kati ya watano nchini humo. Mwaka 2005 huko Afar, Ethiopia, ardhi ilipasuka chini kwa chini kwa kilomita 60, na magma ikajaza ufa uliopanuka hadi mita 8 ndani ya wiki chache. Sehemu kubwa haikufika juu.

Volkano za tabaka

Umbo ambalo mtoto huchora akiambiwa achore volkano ni hili: pembe ndefu, mteremko unaozidi kusimama kadiri unavyokaribia kilele. Hujengwa kwa zamu. Mlipuko hutandaza jivu na kokoto, kisha zaha nzito hufunika, kisha jivu tena. Zaha huushikilia mlima, jivu huupa kimo. Kilimanjaro ni volkano tatu za aina hii zilizoungana: Shira iliyoanza miaka milioni 2.5 hivi iliyopita, Mawenzi, na Kibo iliyo changa zaidi yenye kilele cha mita 5,895.

Vitabu vingi vya shule hufundisha kwamba volkano za tabaka huzaliwa pale bamba la bahari linapozama. Kanuni hiyo inafaa Japani. Haifai Moshi. Hakuna bamba la bahari linalozama chini ya Kilimanjaro wala Meru. Huku kwetu magma ya asili ni ya basalti yenye sodiamu na potasiamu nyingi, na hupata uzito wake njiani. Inapokaa kwenye chemba ndani ya ganda, madini yenye chuma na magnesi huganda kwanza na kuzama. Kimiminika kinachobaki kinazidi kuwa na silika, sodiamu, potasiamu na gesi. Mwisho wake ni fonoliti, mwamba unaopatikana kwa wingi Kibo. Kwa hiyo mlima uleule unaweza kuanza kwa mitiririko ya upole na kuishia kwa milipuko, bila chanzo chake kubadilika.

Udhaifu wa volkano ya tabaka umo ndani ya ujenzi wake. Jivu laini limelaliwa na zaha nzito kwenye mteremko mkali, na maji moto yenye asidi yanayozunguka ndani huugeuza mwamba kuwa udongo wa mfinyanzi. Mlima huoza kutoka ndani. Tazama Meru, mita 4,566: ubavu wake wa mashariki haupo. Ulianguka maelfu ya miaka iliyopita, ukaacha ukuta wa umbo la kiatu cha farasi, na maziwa ya Momella yamekaa katikati ya vifusi vya anguko hilo. Ndani ya pengo imeota koni mpya ya jivu, na Meru ilitoa jivu mara ya mwisho mwaka 1910. St. Helens ya Marekani ilifanya jambo la namna hiyo mbele ya kamera tarehe 18 Mei 1980. Ubavu wa kaskazini ulikuwa umevimba kwa wiki kadhaa, ukaporomoka, na magma iliyokuwa imebanwa nyuma yake ikalipuka kwa upande badala ya kwenda juu. Kilele kilipungua mita 400 na watu 57 walikufa.

Ubavu unaweza kuporomoka hata magma ikiwa imekwisha. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walikufa. Uvumi wa kwanza ulisema volkano imelipuka. Haikulipuka, mvua kubwa ilishibisha mwamba dhaifu wa mlimani, kipande kikameguka, kikachanganyika na maji na kufuata makorongo. Mlipuko ungetandaza jivu jipya kwa kufuata upepo, juu ya mapaa na mashamba bila kujali korongo liko wapi, na kwa kawaida ungetanguliwa na matetemeko madogo ya mfululizo. Kwa wanaoishi chini ya mlima wa aina hii dalili za kuangalia ni chache lakini ni za haraka: korongo linalopungua maji ghafla wakati mvua bado inanyesha (maana yake limezibwa juu na litafumuka), maji yanayogeuka tope zito ghafla, na ngurumo isiyokatika inayotoka mlimani. Ukiona mojawapo, toka kwenye njia ya korongo kwa kwenda pembeni na kupanda. Kukimbia kufuata mteremko ni kushindana na tope kwenye njia yake lenyewe.

Koni, kuba na kaldera

Koni ya skoria ni volkano ndogo ya mara moja. Basalti yenye gesi ya kutosha hurusha matone, matone huganda hewani na kuanguka yakiwa mawe mepesi yenye matundu, mekundu au meusi, yakirundikana kwa mteremko wa nyuzi 30 hadi 35, kwa sababu kokoto huru hazikubali kusimama zaidi ya hapo. Parícutin ya Mexico ilianza katika shamba la mahindi tarehe 20 Februari 1943, ikapita mita 300 ndani ya mwaka mmoja, ikazimika 1952. Mabavu ya Kilimanjaro na Meru yamejaa koni kama hizi, na nyingi zinachimbwa kwa ajili ya matofali na barabara.

Kuba ni kinyume chake: zaha nzito kiasi kwamba inatoka na kubaki papo hapo, ikiziba tundu lake lenyewe. Hatari yake ni kuporomoka na kutoa wingu la gesi na jivu lenye mamia ya nyuzi linaloteremka kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Pelée huko Martinique iliuangamiza mji wa Saint-Pierre kwa wingu kama hilo tarehe 8 Mei 1902, na watu wapatao 28,000 walikufa.

Kaldera, shimo pana kama bakuli, huachwa na chemba iliyomwaga magma nyingi kwa muda mfupi hadi dari yake ikakosa cha kuishikilia na kuzama. Ngorongoro, yenye upana wa kilomita 19 hivi na kina cha mita 600, ilizama zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Watalii husimama ukingoni wakitafuta mlima, kumbe wamesimama juu ya kilichobaki cha mlima. Ngozi, kule Mbeya, ni kaldera nyingine, na ziwa limejaa ndani yake. Tofauti na kasoko (kreta) ya kawaida ni kwamba kasoko imechimbwa na mlipuko kutoka juu. Kaldera imezama kutoka chini.

Kuna pia mashimo yasiyo na mlima kabisa. Magma ikipanda na kukutana na maji ya ardhini, maji hugeuka mvuke unaoweza kuchukua nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya awali, na ardhi hupasuka kwa mlipuko mmoja au kadhaa. Kinachobaki ni bakuli lenye ukingo mfupi wa vifusi na sakafu iliyo chini kuliko uwanda unaolizunguka. Mashimo ya Basotu, wilayani Hanang, ndiyo mfano ulio karibu zaidi kwa mtu wa Singida au Dodoma. Ukingo wake ukiuchunguza utakuta mawe ya ganda la kale yaliyovunjwavunjwa, yamechanganyika na jivu: magma ilikuwa kidogo, nguvu kubwa ilitoka kwenye maji.

Lengai, na kwa nini umbo hudanganya

Kwa umbo, Ol Doinyo Lengai ni volkano ya tabaka isiyo na shaka, iliyochongoka kwelikweli. Kwa zaha yake ni kitu ambacho hakipo kwingine duniani kati ya volkano zilizo hai. Zaha hiyo haina silika kabisa, au ina chembe tu. Ni kabonati za sodiamu, potasiamu na kalisi. Bila silika hakuna minyororo, kwa hiyo hutiririka kwa wepesi unaoshinda basalti yoyote. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu, haliwaki mchana, na mgeni anaweza kuidhani ni tope jeusi akaikanyaga. Ikishatoka hunyonya unyevu wa hewa na ndani ya siku chache hubadilika kuwa nyeupe. Weupe wa kilele cha Lengai ni huo, si theluji.

Wepesi huo haumaanishi usalama. Julai 2007 matetemeko mfululizo yalilitikisa eneo la Natron, kubwa zaidi likiwa la kipimo cha 5.9, likasikika hadi Nairobi. Magma ilikuwa inapenya kwenye ufa chini ya Gelai. Septemba mwaka huohuo Lengai ikaacha mitiririko yake ya upole na kuanza kurusha jivu, ikaendelea hadi 2008. Sababu ni kwamba magma mpya ya nefeliniti, yenye silika, iliingia kwenye chemba ya kabonati. Silika na kabonati zikikutana kwa joto lile hutoa kaboni dayoksaidi nyingi kwa mkupuo, na gesi hiyo ndiyo iliyolipua.

Nyiragongo, juu ya Goma, ina udanganyifu wa aina hiyo. Imesimama wima kama volkano za Japani, lakini silika yake ni chini ya asilimia 40 na zaha yake ni nyepesi mno. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu ulipasuka, zaha ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Katika eneo hilohilo kaboni dayoksaidi hujikusanya kwenye mabonde madogo, wenyeji wakayaita mazuku; gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina harufu, na huua mbuzi na watoto kabla ya mtu mzima kuhisi chochote, kwa kuwa pua zao ziko karibu na ardhi. Kwa maoni yetu, mgawanyo wa kimaumbo unafaa kuanzia somo, lakini anayetaka kujua hatari aulize kemia ya magma na njia ya gesi kwanza.

Igwisi na Mwadui: volkano za kratoni

Tulisema kratoni haitoi magma. Kuna ubaguzi mmoja, na Tanzania ndiyo yenye mfano bora wake. Chini ya mizizi minene ya mabara ya kale, kwenye kina cha kilomita 150 na zaidi, sehemu ndogo mno ya mantili inaweza kuyeyuka ikiwa kuna kaboni dayoksaidi na maji ya kutosha. Magma hiyo, kimberlaiti, ni kidogo lakini imejaa gesi. Haikai kwenye chemba. Hupasua njia na kupanda kwa kasi ya mita kadhaa kwa sekunde, ikikwangua kuta na kubeba vipande vya mantili. Almasi, ambazo huumbika kwenye kina hichohicho, hupanda nazo. Magma ingepanda polepole, zingegeuka grafiti au kuyeyukia ndani yake.

Karibu na uso gesi hutanuka na kupasua bomba lenye umbo la karoti. Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ni bomba la namna hiyo lenye eneo la hekta 146 hivi juu ya ardhi, miongoni mwa makubwa zaidi yaliyowahi kuchimbwa. Sehemu ya juu ya kasoko yake, pamoja na mashapo ya ziwa lililojaa ndani baada ya mlipuko, bado ipo. Kwingi duniani imeshaoshwa na kubaki shina tu.

Igwisi, mkoani Tabora, ni vilima vitatu vifupi ambavyo mpita njia asingevitazama mara mbili. Vililipuka takriban miaka 12,000 iliyopita, na ndivyo volkano changa zaidi za kimberlaiti zinazojulikana duniani. Vina kasoko, kingo za vifusi, na ulimi mfupi wa zaha uliojaa punje za madini ya olivini zilizosuguliwa hadi zikawa mviringo safarini. Wataalamu huja kutoka mabara mengine kuviona, kwa kuwa kwingine volkano za aina hii zilikwishamomonyoka mamilioni ya miaka iliyopita.

Jiwe ulilookota

Kanda ya Kati ina vitu vinne vinavyopelekwa mara kwa mara kwa wataalamu wa miamba kama "mawe ya volkano". Cha kwanza ni moramu ngumu nyekundu yenye matundu. Matundu yake yamepinda ovyo, yana udongo ndani, na ukilisugua jiwe huacha rangi nyekundu au ya njano mkononi; mara nyingi utaona punje za mchanga zimeshikamana ndani yake. Skoria ya kweli ina matundu ya mviringo yenye kuta laini, haichafui mkono, na ni nyepesi kuliko unavyotarajia. Cha pili ni mavi ya chuma kutoka tanuri za wahunzi wa zamani: mazito, yenye kung'aa kama kioo kizito, na hukutwa katika virundo vidogo pamoja na vipande vya mirija ya udongo ya mivukuto. Cha tatu ni chokaa nyeupe ya ardhini inayodhaniwa ni jivu. Idondoshee siki kali au maji ya ndimu: ikichemka mapovu, ni chokaa. (Kipimo hiki hakifai ukiwa karibu na Lengai au volkano jirani yake, Kerimasi, kwa sababu jivu la huko lina kabonati na litachemka vilevile.) Cha nne ni doleriti, mwamba mweusi wenye punje ndogo unaokata graniti kwa mistari. Huo kweli ulikuwa magma, ila uligandia ndani ya ufa wa kale bila kufika juu.

Kama jiwe ni jepesi kiasi cha kuelea kwenye ndoo ya maji, karibu hakika ni pumisi. Kama swali ni kuhusu mlima wenyewe, andika mahali jiwe lilipopatikana, kama lilikuwa limeshikamana na mwamba au limelala tu juu ya ardhi, kisha lipeleke Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma. Jiwe lisilo na mahali pake halimsaidii mtaalamu kitu.

Mgawanyo wa volkano hai, iliyolala na iliyokufa hauna mpaka mkali. Desturi ni kuiita hai ile iliyolipuka ndani ya miaka 10,000 hadi 12,000 iliyopita, hivyo Meru ni hai ingawa hakuna aliye duniani leo aliyeiona ikitoa jivu, na Igwisi imekaa juu ya mstari wenyewe.

Athari moja ya volkano hufika kwenye ndoo ya maji bila mlipuko wowote. Jivu na zaha za kaskazini zina floridi nyingi, na visima vya kuzunguka Meru huitoa kwa viwango vinavyotia meno madoa ya kahawia na, kwa miaka mingi, kupinda mifupa. Singida na sehemu za Dodoma zina tatizo hilohilo, ingawa huku chanzo kinaweza kuwa graniti yenyewe, kwa kuwa mika na madini mengine ndani yake hubeba floridi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua kwa mvuke, floridi inayobaki huzidi kukolea. Chujio la mchanga na vidonge vya klorini navyo haviigusi. Kinachofanya kazi ngazi ya kaya ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa hewa kidogo, nalo huchoka, kwa hiyo maji yanayotoka yapimwe tena kila baada ya muda na mkaa ubadilishwe kipimo kinapoanza kupanda. Kabla ya kuchimba kisima kipya, pima maji ya visima vya jirani vyenye kina tofauti: mara nyingi kile kifupi cha mchanga wa mtoni huwa na floridi ndogo kuliko kirefu kilichoingia kwenye mwamba.